Bonyeza Sifuri Uongee na Mpokezi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri. Daktari wa macho ameniagiza niandike kila siku Mama ameona nini na ameshindwa kuona nini, basi nimerudi nyumbani na daftari jipya kama mtoto wa darasa la kwanza. Leo: ameona dirisha, hakuona kikombe. Kazi ya daktari imeishia hapo. Lakini nikishashika kalamu naona uchungu kuiweka chini, maana na mimi nina yangu.

Jicho la kushoto la Mama lilishakufa zamani. La kulia lina mtoto wa jicho, naye amevimba mpaka anapandisha presha ndani ya jicho lenyewe. Matone yanaituliza kwa sasa. Mama akipasuliwa mapema ataona; akichelewa mshipa utakufa, na mshipa wa jicho ukifa hakuna fundi wa kuufufua. Daktari amesema hivyo hivyo, bila kupaka asali. Foleni ya upasuaji ni ndefu, ila mgonjwa mmoja akikosa kuja siku yake, wanampigia anayefuata. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, ndiye aliyenieleza. "Tunapiga mara mbili, dada. Usipopatikana tunakwenda kwa mwingine. Usije ukatulaumu."

Nimetoa namba ya ofisini. Simu zetu za mkononi Bosi anazifungia sandukuni asubuhi hadi jioni, tangu mteja alipomkuta mwenzetu anaangalia mpira huku anamuuzia bati. Na Mama akipigiwa na mtu asiyemjua anakata palepale. Kwake kila mgeni ni tapeli. Ofisini mimi ndiye mpokea simu. Hakuna simu inayoingia isiyopita mkononi mwangu. Nimeona hapo ndipo penye usalama kuliko kokote.

Jumanne, 4 Machi

Ameona mkono wangu, hakuweza kuhesabu vidole.

Simu, simu, simu. Kiangazi watu hutupigia kuuliza bei ya mabati na mifereji. Mvua ikianza wanatupigia kututukana kwa mapaa tuliyowaezekea.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi ametuita wote asubuhi, tukabanana baina ya mashine ya kunakili na ukuta. Amenunua mtambo mpya wa simu. Amekuja na fundi wake, bwana mwenye kipara na bisibisi sikioni pale ambapo wengine huweka kalamu, anayeongea kama mtu anayewaelezea watoto kwa nini jua linachomoza.

"Dada," Bosi ananiambia mbele ya watu, "sasa utapumzika. Simu zitajipanga zenyewe."

Tangu nikae kwenye kiti kile sijaona ofisini kitu kinachojipanga chenyewe, hata vikombe.

Mambo yenyewe ni haya. Anayepiga anakaribishwa na sauti iliyorekodiwa. Akitaka mauzo anabonyeza moja, simu inalia kwa Mzee wa Stoo. Akitaka mafundi anabonyeza mbili, inalia kwa Kapteni, ambaye ni msimamizi wa wapanda mapaa wetu. Mambo ya malipo ni tatu, kwa Mhasibu. Asiyejua anataka nini, abonyeze sifuri, aje kwangu. Na kila mtu amepewa uwezo wa kuihamishia simu yake kwa mwenzake anapokuwa na shughuli.

"Na huyo mwenzake naye akiwa na shughuli?" nimeuliza.

"Inakwenda kwa mwenzake mwingine."

"Na huyo mwingine?"

Fundi amecheka. "Dada yangu, ofisi nzima haiwezi kukosa mtu."

Ikatafutwa sauti. Bosi alitaka iwe yake. Fundi akamsikiliza, akakohoa, akasema labda ya kike ingefaa. Nikasukumiwa mimi. Nimesoma na kusoma: karibu, tafadhali bonyeza, tafadhali usikate, tunakujali. Eti nitabasamu nikiwa nasoma, tabasamu linasikika. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mama: ameona mtu amesimama mlangoni, hakujua ni mimi mpaka nilipoongea.

Jumanne, 11 Machi

Nimefika nyumbani nimemkuta Mama amenuna. Jirani yetu mshonaji, anayeleta cherehani yake barazani kwetu ili amwangalie mchana, ananikonyeza ninyamaze.

"Shikamoo, Mama."

Kimya.

"Mama, shikamoo."

"Leo ndiyo unanijua? Mchana nimekupigia, unanikaribisha kama mgeni, halafu unanitajia namba. Nakuuliza matone nitie sasa au nisubiri, unanitajia namba. Nakwambia ni mimi, mama yako mzazi, unasema unanijali, halafu unanipigia muziki!"

Jirani alicheka mpaka kitambaa kikamponyoka. Mimi nilikuwa hoi, ila nimecheka pia, jamani ningefanyaje. Nikamweleza kuwa ile ni mashine.

"Mashine ina sauti yako?"

"Walinirekodi, Mama."

"Wakairekodi sauti wakaiacha adabu."

Nimemshika kidole nikakipeleka kwenye kitufe cha sifuri, cha chini kabisa, katikati. Nikamwambia akisikia naongea asinijibu, abonyeze hapo, atanipata mimi mwenyewe. Ameahidi. Lakini alipokuwa anakwenda kulala nimemsikia anamnong'oneza jirani kuwa yule wa kwenye simu anaringa.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Ameona mwanga wa taa, hakuiona taa.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike kidogo kuhusu watu ninaoshinda nao, maana leo nimewaangalia sana.

Kapteni ndiye raha ya ofisi ile. Anaingia anaimba, ananiita mchumba mbele ya mke wake na mke wake anacheka. Akiniona nimeinamisha kichwa ananiletea kiti cha kuwekea miguu. Mzee wa Stoo ni mtu wa kimya, sikio moja halisikii, na mkonga wa simu anaushika kwa ncha za vidole kama umechomwa moto. Mhasibu ni nyoka. Sina neno jingine. Akipita mezani kwangu anapitisha kidole kutafuta vumbi. Nikimwomba anishikie simu niende msalani anatazama saa yake kwanza. Hatujawahi kugombana, ila hatujawahi kucheka pamoja.

Leo nimempelekea Mzee mteja wa misumari, simu ikaita mara moja ikalia kwa Mhasibu. Mhasibu akaitazama tu, na mara ikatoweka na kwake. Nikajua wameanza michezo ya kuhamisha. Sikuuliza. Kila mtu na mzigo wake, na wangu haukuwa umepungua.

Jumanne, 25 Machi

Bosi alisema nitapumzika. Kinachotokea ni kwamba mteja anabonyeza moja, anachoka. Anabonyeza mbili, anachoka. Anabonyeza tatu, anakula muziki mpaka anashiba. Mwisho anabonyeza sifuri. Wateja ni walewale wa zamani, ila sasa wananifikia wameshaiva kwa hasira. Leo mwanamke mmoja ameniuliza, "Wewe si ndiye uliyesema unanijali?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi dari langu liko sakafuni."

Mama: ameona kivuli kikipita. Jicho linamuuma jioni.

Jumatano, 2 Aprili

Usiku maumivu, asubuhi maumivu. Nimepiga hospitali kabla ya sanduku kufungwa. Yule muuguzi amesema daktari yuko wiki hii na ijayo, majina yamejaa, ila mvua hii ikiendelea wa mbali watashindwa kufika. "Kaa karibu na simu, dada." Nimemjibu kwamba kukaa karibu na simu ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nimeona cha mtema kuni.

Mvua haikupumua tangu usiku. Nimefika nimelowa, simu inaita kabla sijakaa. Paa la ghala limevuja juu ya unga. Mfereji umeng'oka umeangukia gari. Bwana mmoja ambaye dari lake limemwangukia kitandani amenitukana, akamtukana na Mama, mtu ambaye hata hamjui, na mimi nikamjibu kwa sauti ileile ya kwenye mashine, kwamba tunajali. Saa saba ilikuwa imefika na sijatia hata chai mdomoni tangu kuamka, maana asubuhi Mama alikuwa analia na jicho na nisingeweza kula mbele yake.

Kwenye simu yangu kuna kitufe chekundu. Fundi alinionyesha siku ile: ukikibonyeza hakuna simu inayokusumbua, zinamruka mpokezi zinakwenda kwa Kapteni. Sikuwahi kukigusa. Leo Kapteni alikuwepo, mvua ilikuwa imewarudisha mafundi wote. Nimekibonyeza. Nimekwenda jikoni nyuma, nikakaa juu ya kreti, nikanywa chai na mkate, polepole, kama binadamu. Huko mbele nilisikia simu inaita meza hii, inahamia ile, inahamia ile nyingine, inarudi. Nikajisemea, leo wenzangu nao wanafanya kazi.

Nusu saa, basi. Nikarudi nikakiachia.

Mama: mwanga tu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Hospitali hawajapiga. Mwanga tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Hawajapiga.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nimekwenda hospitali peke yangu kuchukua matone. Nimemkuta yule muuguzi dirishani, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyepotezwa na uzembe wa wakubwa.

"Dada, mbona Jumanne hukupokea?"

Nikamwambia Jumanne sikutoka ofisini hata dakika moja.

"Nilipiga mwenyewe, mchana. Saa saba na kitu. Mtu mmoja alikwama na mafuriko, nafasi ikawa yenu. Ukapokea wewe, ukanikaribisha vizuri kabisa. Nikabonyeza sifuri kama ulivyosema. Ikaita. Ikabadilika mlio, ikaita. Ikabadilika tena. Nilingoja mpaka ikakatika yenyewe. Nikarudia, ikawa vilevile. Jamani, dada, nilikuwa na daktari mlangoni kashavaa glavu. Nikampigia anayefuata, babu mmoja, amepasuliwa, jana katoka."

Nimemshukuru. Sijui kwa nini, mdomo umezoea. Nikaulizia nafasi nyingine. Daktari ameshaondoka na atarudi Mei; akirudi sisi tutakuwa wa juu kwenye wa kupigiwa, lakini utaratibu ni uleule. Nikauliza jicho litafika Mei? Amenishika mkono juu ya kaunta. Amesema matone haya mapya ni makali zaidi, nisikose hata mara moja, na tumwombe Mungu.

Nimekaa nje kwenye benchi la kusubiria, mvua inanipata mguu mmoja. Ninajua saa saba na kitu nilikuwa wapi. Nilikuwa juu ya kreti nachovya mkate.

Nyumbani Mama kaniuliza wamesemaje. Nimemwambia wamebadilisha matone. Sijaweza kusema zaidi ya hapo. Akasema, "Unanukia mvua, kaoge," akanipapasa uso kama afanyavyo siku hizi, nikaogopa atakuta nimelia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeingia ofisini leo sikusalimia mtu. Nikasimama katikati ya chumba na koti langu likidondosha maji, nikawaambia. Nikawapa vidonge vyao wote, hata Bosi aliyetoka chumbani kwake kusikiliza kelele. Kwamba mama yangu anapofuka. Kwamba hospitali walipiga Jumanne mara mbili hapa, ofisini kwa watu wazima wenye masikio, simu ikalia mpaka ikakata, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono.

"Mimi yangu nimehamishia stoo," Kapteni akasema. "Nakuwa juu ya mapaa, mchumba, unataka nipokee nikiwa nimening'inia?"

"Mimi sisikii vizuri," Mzee wa Stoo akasema taratibu. "Nimehamishia kwa Mhasibu. Nilijua yeye yuko mezani daima."

Wote tukamgeukia Mhasibu. Alikuwa ameshika kalamu. "Zinazonifikia zote ni za kuvuja," akasema. "Mambo ya kuvuja ni ya Kapteni. Nimezihamishia kwa Kapteni."

Bosi hakuelewa. Akachukua simu yake ya mkononi, akapiga ofisini, akabonyeza mbili. Ikalia mezani kwa Kapteni mara moja. Ikaacha. Ikalia kwa Mzee. Ikaacha. Ikalia kwa Mhasibu. Ikaacha. Ikalia kwa Kapteni. Tulisimama tukiifuata kwa macho meza kwa meza, watu wazima watano, na hakuna aliyesogea, kama vile kuipokea kungekuwa kukiri. Msimu mzima tumepigiana danadana simu za watu, kila mmoja ana uhakika moyoni kwamba ameiacha mikononi mwa mwenzake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu, maana nilikuja na hasira tayari na sikuwa na pa kuitua.

Ikakatika. Kapteni akajikuna shingo. "Lakini ngoja," akasema, bila kuimba safari hii. "Simu ya hospitali ingeanzia kwako wewe, sifuri. Ilifikaje kwangu? Wewe ulikuwa wapi?"

Basi nikawaambia na hilo. "Nilibonyeza chekundu. Nilikwenda kula."

"Aa, sasa," akasema Kapteni, na nikamwona anavuta pumzi ya mtu aliyepona. "Basi tusitafute mchawi. Mpokezi ndiye aliyezima."

Miaka yote ya kuniita mchumba. Nilitaka sakafu inimeze.

Ni Mhasibu aliyejibu. Aliweka kalamu chini. "Kwani hana tumbo? Anakaa pale kutwa anatukanwa kwa mapaa uliyoyapiga misumari wewe. Mimi nimemwona mwezi mzima hanywi chai, nikanyamaza, kwa sababu ningesema ningetakiwa kumshikia simu." Akanigeukia. "Nimekosa, dada. Nisamehe."

Nikamwambia hamna neno. Kulikuwa na neno kubwa tu, lakini nilishindwa kulitafuta.

Jumanne, 15 Aprili

Mhasibu amemwita fundi wa simu bila kumuuliza Bosi. Akamkalisha, akamwambia anataka namba moja tu duniani, namba ya hospitali ya macho, ikipiga isikaribishwe na sauti, isiambiwe bonyeza, isipigiwe muziki. Ilie kwenye meza zote kwa pamoja, hata ya Bosi, hata ikikuta kitufe chekundu kimebonyezwa. Na isiache mpaka mtu anyanyue.

"Hilo linawezekana," fundi akasema. "Kwa kawaida tunawawekea wateja wakubwa."

"Huyu ndiye mteja wetu mkubwa," Mhasibu akasema.

Bosi kasimama mlangoni, kaguna, kaondoka. Kwake hiyo ni ndiyo. Pia Bosi amefuta mambo ya kuhamishia simu holela: sasa Mhasibu anashika simu zangu mchana nikila, na mimi nashika zake akifunga hesabu. Kapteni amepita kwangu mara mbili akijikohoza. Sikumwangalia.

Mama: mwanga, upande wa dirishani tu. Maumivu yamepungua kidogo.

Alhamisi, 17 Aprili

Simu zote zimelia kwa mpigo. Loo! Mzee wa Stoo, ambaye huwa hasikii hata akiitwa, ameruka akaangusha sanduku la misumari. Mhasibu kashika ya kwake, Kapteni kashika ya Mhasibu, Bosi katoka na chakula mdomoni anauliza, "Ndiyo wao? Ndiyo wao?" Mimi nimenyanyua wangu.

Alikuwa bwana anayesimamia majengo ya hospitali. Mfereji wa wodi unamwaga maji ndani, na ni sisi tuliofunga.

Tumetazamana. Mhasibu ndiye aliyeanza kucheka, nikamfuata, tukacheka mpaka machozi, yangu yakawa machozi kweli. Kapteni akachukua ngazi bila kuambiwa, akaondoka na mafundi wawili katika mvua ile ile.

Jumanne, 22 Aprili

Mwanga, si kila wakati.

Jumatatu, 28 Aprili

Simu zote tena. Bwana wa majengo, kushukuru. Nimemwomba siku nyingine atumie simu yake ya mkononi. Kapteni amesema alipokuwa juu ya paa la hospitali aliteremka akaenda dirishani kwa muuguzi, amevaa mkanda wake wa kamba, akamwuliza jina la mama yangu liko la ngapi. La pili, akaambiwa. Ameniletea habari hiyo huku akiangalia viatu vyake. Bado nina kinyongo naye, lakini nimemwambia ahsante.

Alhamisi, 1 Mei

Mapumziko. Nimeshinda na Mama. Ameniuliza kama nje kumekucha, na ilikuwa mchana.

Jumanne, 6 Mei

Nilikuwa jikoni nyuma. Nilikuwa nakula, wallahi, kikombe mdomoni, wakati simu zote zilipolia. Nimesikia kishindo cha viti. Nimesikia sauti ya Mzee wa Stoo, ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti maishani, anapiga ukelele kwenye simu, "Yupo! Yupo! Mama yake yupo! Msikate, anakuja!" Nimemkuta ameushika mkonga kwa mikono yote miwili, ameukumbatia kifuani, na Kapteni kashika mlango usijifunge, na Mhasibu ananipisha njia huku akisukuma kiti cha Bosi kwa goti. Bosi mwenyewe alikuwa amekaa juu yake.

"Dada," muuguzi akasema, "leo saa tisa mnaweza?"

Mhasibu akaninyang'anya simu. "Wanakuja. Andika wanakuja." Akafungua sanduku, akanipa simu yangu na mwavuli wake, na Kapteni akatupeleka na gari la mabati, Mama katikati yetu, amevaa nguo yake ya kutokea, anauliza kwa nini kiti kinanuka rangi.

Jioni: amepasuliwa. Amefungwa bandeji. Anakoroma. Daktari amesema tusubiri.

Jumatano, 7 Mei

Tumesubiri.

Alhamisi, 8 Mei

Leo asubuhi wamemfungua.

Kabla ya kuingia daktari ameniita pembeni. Upasuaji umekwenda vizuri, presha imeshuka. Lakini mshipa ulikuwa umeshaanza kufa pembeni, na kilichokufa hakirudi. Ataona katikati. Wa upande hatamwona mpaka ageuze kichwa. Nikamuuliza, tungekuja mwezi uliopita? Akasema angeona zaidi.

Muuguzi alibandua bandeji taratibu. Mama akafumba, akafumbua, machozi yakamtoka. Watu wote tulikuwa tumeinama tukimwuliza. Unaona nini, mama? Dirisha unaliona? Vidole vingapi hivi? Aligeuza kichwa huku na huku mpaka akanipata, akanikazia jicho muda mrefu.

"Mbona umechoka hivi?" akasema.

Muuguzi akajifanya anakunja bandeji.

"Ulikuwa na mashavu," Mama akasema. "Nilipokuona mara ya mwisho ulikuwa na mashavu yako. Nani amekumaliza hivi, mwanangu?"

Nilidhani nimeshalia machozi yangu yote ya msimu huu. Nimekaa pale kitandani, nikamweleza. Nilikuwa nimejiapiza kutomwambia kamwe, lakini ananiangalia, na sina uzoefu tena wa kumdanganya mtu huyu akiwa ananiangalia. Nikamwambia hospitali walipiga mwezi uliopita. Kwamba simu ilizunguka ofisi nzima ikakosa wa kuipokea, na iliruka meza yangu kwa sababu mimi mwenyewe niliizima. Kwamba hiyo pembeni asiyoiona ingekuwepo leo.

Nje walikuwa wanasukuma kitanda kwenye korido, gurudumu moja linapiga kelele.

"Kwa nini uliizima?"

"Nilikuwa na njaa, Mama."

"Ulikula nini?"

"Chai na mkate."

Akafikiri.

"Ulishiba?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikakumbuka kwamba sasa anaona.

"Haya," akasema, na akamwomba muuguzi viatu vyake.